Timazi la Mjomba

Jirani yetu karudi Bukoba na kifurushi cha kahawa za kutafuna, kimefungwa kwa jani kavu la mgomba. Alipokifungua tu, harufu ikanikumbusha Mjomba na safari yetu ya MV Victoria.

Ilikuwa kabla meli haijasimama kwa miaka kadhaa ikisubiri matengenezo. Tulipanda Mwanza usiku, Kemondo alfajiri, Bukoba asubuhi. Mjomba ni fundi mwashi, na shida yake Bukoba ilikuwa moja: kuta za Mjerumani. Babu yake alisimulia kwamba ujanani alibebeshwa mawe, mji ulipokuwa unajengwa huko ufukweni ambako Emin Pasha, mtu aliyetumwa na Wajerumani, aliweka kituo mwaka 1890. Ni ukuta upi, hakusema, au alisema na waliomsikia wakasahau.

Basi tukazunguka. Duka Kubwa, makaburi ya Wajerumani, nyumba kuukuu za karibu na ziwa. Njiani nikamweleza Mjomba jinsi Waingereza walivyokuja kwa meli kutoka Kisumu mwezi Juni 1915, wakaangusha mtambo wa redio wa Wajerumani na mji ukaporwa. Na kwamba kati yao alikuwemo Frederick Selous, yule ambaye pori la akiba lilipewa jina lake, akiwa na miaka 63. Mjomba alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza:

"Na kuta walizikuta zimeshasimama?"

"Walizikuta, Mjomba."

"Haya, twende."

Kwenye jengo moja la mawe tulimkuta mlinzi, mtu mzima wa rika lake. Wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani, ndipo Mjomba akaomba ruhusa ya kupima ukuta. Mlinzi akauliza kama anataka kununua. Mjomba akasema hapana, anataka kuusalimia. Yule mzee akamsogezea kiti chake apande.

Mjomba akatoa timazi mfukoni mwa koti, lile lake la shaba la kupimia unyoofu wa ukuta, uzi umezungushiwa kibao. Akapanda kitini, akabana kibao ukutani, akaliachia timazi lishuke. Upepo wa ziwa ukawa unalipeperusha. Akaniambia nivue koti nisimame upande wa upepo, nikinge. Nikakinga. Timazi likayumba, likapungua, likatulia. Akashuka, mimi nikashika kibao, naye akapima kwa kidole nafasi kati ya uzi na jiwe, kuanzia juu hadi chini. Sawasawa.

"Nyoofu," akasema, kama mtu anayesoma matokeo ya mtoto wa mwenzake.

Tukahamia kona ya pili. Hapo uzi ulikaribia jiwe kadiri ulivyoshuka, mpaka chini kidole hakikupita. Akarudia kupima. Akaweka kiganja kwenye jiwe lililobenuka, akakiacha hapo muda mrefu. Watoto waliokuwa wakitufuata wakanyamaza.

"Hapa walikuwa na njaa," akasema.

Hakupima kona nyingine. Tulikula samaki na ndizi, jioni tukarudi melini, na hadi Mwanza alizungumzia bei ya saruji.

Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, tetemeko lilipoipiga Kagera, watu wakafa na nyumba nyingi zikaanguka. Mjomba alinipigia simu jioni ile ile. Kwanza aliulizia ndugu, mmoja mmoja. Kisha akauliza: "Na ile kona?" Sikuwa na la kumjibu. Meli imesharudi majini tangu 2020, nimemwambia twende tukaangalie. Anasema miguu haimruhusu. Nadhani hataki kukuta kifusi, ila sijathubutu kumuuliza.

Kwake ile sasa ni kona ya Babu, na ndivyo anavyowasimulia wajukuu. Mimi nilikuwepo, na najua ukuta ule haukutuambia jina la mtu yeyote. Mwezi uliopita mmoja wao alinivuta pembeni, akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Tangu siku hiyo najiuliza kama nilimdanganya mtoto, na bado sijaamua.