Doti ya Idi Tuliyoichapa Nyumbani

Shule zilipofungwa katikati ya Machi 2020, dada yangu, ambaye kazi yake haikumruhusu kushinda nyumbani, aliniletea wanawe wawili pale Ngamiani, Tanga, nilikokuwa nikiishi na mama yetu. Binti alikuwa darasa la sita na mdogo wake wa kiume darasa la nne. Majuma ya mwanzo walicheza bao, wakasoma kidogo, wakagombea simu yangu sana; Ramadhani ilipokaribia, binti ndiye aliyetoa shauri kwamba, badala ya kumnunulia Bibi yao kanga ya Idi, tumtengenezee sisi wenyewe. Nilikubali kwa sababu nilikuwa na kompyuta mpakato yenye Inkscape, programu ya bure ya kuchorea ambayo niliitumia kutengenezea watu kadi za harusi, na kwa sababu kanga, kwa namna inavyopangwa, ni mchoro unaojirudia, na hakuna kazi ambayo kompyuta huifanya kwa moyo mweupe kama kurudia.

Pindo la kuzunguka kingo, mji wa katikati na jina, yaani maandishi, havikuhitaji kufundishwa, maana mtoto aliyebebwa kwa kanga huvifahamu kabla hajajua kusoma. Kilichohitaji kazi ni vipimo. Binti aliazima kanga moja ya Bibi, ile yenye maandishi madogo ya "Mali ya Abdulla" ukingoni, ambayo ni alama ya duka alilolianzisha Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa mwaka 1887, akaitandaza sakafuni na kuipima kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 150 kwa 110. Kisha akaamua kwamba kila ua la pindo liwe na upana wa sentimita 12, kwa kuwa kipimo hicho kilimpendeza machoni, na alipogawanya aligundua kuwa upande mrefu ungebakiwa na nusu ua kwenye pembe. Alinuna kidogo. Baadaye aliandika 150 na 110 kwa mtindo wa shuleni, akatafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika, na 10 ilipotokea alinionyesha daftari bila kusema neno. Kwa kipimo hicho upande mrefu ulichukua maua 15, upande mfupi 11, na pembe zote nne zikapata ua zima. Sijui kama mwalimu wake angeweza kumwekea mfano bora zaidi wa matumizi ya KKS, lakini nina hakika kwamba hakuisahau tena.

Ua lenyewe lilikuwa korosho, lile umbo la tone lililopinda mkia ambalo limejaa katika kanga za pwani. Watoto waliichora kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe, nasi tukaipiga picha kwa simu karibu na mlango asubuhi, wakati mwanga ni mwingi na jua halijaingia ndani, kwa sababu kivuli kikiangukia karatasi kompyuta hukihesabu kuwa ni sehemu ya mchoro. Inkscape ina amri ya kuigeuza picha kuwa mistari, na mistari hiyo huweza kukuzwa au kupunguzwa bila kuchakaa. Mdogo mtu alikaa saa nzima akivuta vijisehemu vya mkia mpaka korosho ikaridhisha, yenye urefu wa sentimita 8 ndani ya mraba wa sentimita 10. Baada ya hapo dada yake aliiamuru kompyuta iirudie kuzunguka kanga nzima, na jambo hilo lilimalizika kabla hajaondoa mkono kwenye kibodi.

Alifanya pia jambo jingine ambalo mashine ililikubali bila ubishi: korosho za upande wa kulia alizigeuza ziangaliane na za kushoto, kama mtu na sura yake kwenye kioo. Kwenye skrini lilikuwa pambo zuri mno. Lakini sisi hatukuwa na kiwanda. Tulikuwa tukienda kuchapa kwa mihuri ya kuchonga, na muhuri unaweza kuzungushwa upendavyo, ila hauwezi kupinduliwa ukawa kinyume chake. Kumpa kila korosho mwenziwe wa kioo kungetaka tuchonge muhuri wa pili. Rangi nazo zilikuwa hivyo hivyo: kompyuta ilikuwa na rangi zisizo na idadi, na kwetu kila rangi ilimaanisha muhuri wake, sahani yake na siku yake ya kukauka. Tuliishia kwenye nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, rangi za kanga ya kisutu, na korosho zikafuatana zote upande mmoja kuizunguka kanga. Binti alisema zinatembea. Mimi naona zilikuwa nzuri kuliko zile za kuangaliana, ingawa sikumwambia wakati ule, kwa kuwa bado aliomboleza pambo lake.

Kabla ya kuchonga chochote tulimtumia picha mama mdogo wangu wa Pangani, ambaye aliuza kanga kwa miaka mingi na ambaye watoto humwita Bibi wa Pangani. Jibu lake lilikuja kwa ujumbe wa sauti, na baada ya kuwaitikia shikamoo zao alisema kwamba alichotumiwa ni kitambaa cha meza. Pindo lilikuwa jembamba, na jina lilipandishwa juu mno, wakati mahali pake ni chini ya mji, karibu na pindo la chini. Tuliongeza safu ya pili ya pindo, ya nyota nyeusi, ndani ya ile ya korosho. Nilihofu kwamba hesabu ingevurugika, lakini binti alishaona kuwa ukipunguza sentimita 20 kwenye 150 na 20 kwenye 110 unabakiwa na 130 na 90, ambazo bado zinagawanyika kwa kumi. Mji tuliuwekea chungwa lililokatwa katikati, kwa heshima ya machungwa ya Muheza ambayo mama yangu huyasifu kana kwamba aliyapanda yeye. Lilikuwa na vipande kumi, kila kimoja kikiwa kimezungushwa nyuzi 36 kutoka kwa jirani yake, na kwa hiyo lilihitaji muhuri wa kipande kimoja tu. Kufikia hapo watoto walikuwa wamejifunza kuitazama skrini kwa macho ya mchongaji: kila walipoongeza kitu walianza kuuliza kitagharimu mihuri mingapi.

Jina lilitushinda kwa siku kadhaa. Kijana alitaka "Hasidi hana sababu", ambalo alikuwa ameliona kwa jirani na kulipenda kwa ukali wake. Bibi wa Pangani alimuuliza kwenye simu, "Mjukuu wangu, Bibi yako ana ugomvi na nani hapo mtaani? Akilivaa siku ya Idi, kila atakayepishana naye atajiona ndiye aliyetajwa." Alipendekeza "Wema hauozi", ambalo halimchomi mtu, na ambalo mimi nililipokea kwa furaha kwa sababu ni fupi. Kwenye kompyuta herufi huja kwa kugusa tu. Kwenye muhuri kila moja ina bei yake ya wembe na subira. WEMA HAUOZI ina herufi kumi, na kwa kuwa A inarudi, ilitubidi kuchonga tisa.

Kila herufi ya muhuri huchongwa kinyume ili ichape sawa, na hapo ndipo kompyuta ilipaswa kutusaidia zaidi, kwa kuwa katika Inkscape unabonyeza H tu na mchoro unageuka kulia kuwa kushoto. Nilichagua mwandiko mnyoofu usio na vikia, nikazitenga herufi moja moja, nikaanza kuzigeuza huku kijana akitazama begani kwangu. "Mjomba, mbona hazigeuki?" aliuliza. Nilibonyeza tena kwenye W, na kweli haikubadilika. Wala M, wala A, wala H, U, O, I. Herufi hizo zote zina kushoto sawa na kulia. E pekee ndiyo iliyogeuka, na Z. Aliichukua karatasi iliyoandikwa E, akaigeuza juu chini, akaiweka kando ya ile iliyogeuzwa na mashine, nayo ikawa ile ile, mradi mkono wa juu na wa chini ulingane na ule wa kati ukae katikati hasa. Katika jina zima, herufi iliyohitaji kugeuzwa kwa lazima ilikuwa Z peke yake. Sidhani kwamba mama mdogo alilijua hilo alipolichagua, lakini kijana aliamini kwamba alijua, nami sikuona sababu ya kumpinga.

Michoro tulikwenda kuichapisha kwenye duka la steshenari, kwa karatasi za A4, ambazo zilitosha kwa kila muhuri kwa kipimo chake halisi. Mihuri tuliitoa kwenye kandambili kuukuu. Kiazi huchongeka kwa urahisi zaidi, na watoto wengi wameanzia hapo, lakini kiazi husinyaa kesho yake, na kazi yetu ilikuwa ya siku nyingi. Soli ya kandambili ni laini kwa wembe, haichoki, na upande wake usio na michirizi hushika rangi vizuri. Tulibandika karatasi juu yake, nikakata kingo kwa wembe mimi mwenyewe, watoto wakaondoa vipande vya ziada kwa mkasi, kisha kila umbo likagandishwa kwa gundi ya fundi viatu kwenye kibao kilichotupwa na seremala. Nyuma ya kila kibao kijana alichora mshale wa kuonyesha juu ni wapi. Kwenye kibao cha E aliuchora ukitazama chini, akacheka peke yake.

Kitambaa kilikuwa marikani nyeupe. Tuliifua kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kuikata, kwanza ili wanga wa kiwandani utoke na rangi iingie ndani ya nyuzi, na pili kwa sababu marikani hurudi ikifuliwa, na sentimita 150 zilizokatwa kabla ya kufua si 150 tena baadaye. Rangi tuliinunua kwa mtu anayechapa fulana, ile ya maji, nzito kama uji wa mgonjwa. Hatukuchovya muhuri ndani yake. Tuliimimina kwenye kipande cha sponji ya godoro kilichowekwa katika sahani bapa, na muhuri ukagusa sponji tu. Meza ilitandikwa blanketi, kwa kuwa muhuri unaotua juu ya mbao tupu hugusa mahali pamoja na kuacha pengine. Binti alipiga mistari ya miraba kwa chaki ya fundi cherehani, akauvuta uzi mahali ambapo jina lingekaa, na kazi ikaanza baada ya tarawehe, wakati wa jioni ambapo mama alikuwa na adabu ya kutoingia chumba cha nyuma.

Korosho 48 na nyota 40 kwa kanga moja ni nyingi kuliko zinavyosikika, na tulikuwa tumekusudia kanga moja tu. Bibi wa Pangani alipopelekewa picha ya kwanza ya kitambaa chenyewe alisifu chungwa, kisha akauliza ya pili iko wapi. Alisema mtu hapewi kanga moja kama aliyeazimwa; hupewa doti. Tukarudi kwenye chaki. La ajabu ni kwamba kanga ya pili ilikwenda kwa mwendo mwingine kabisa: mikono ilikuwa imekwisha jua uzito wa kukandamiza, kijana alibadilisha mihuri bila kuambiwa, na pale ambapo skrini ilionyesha korosho zote zikiwa na wekundu ule ule, hapa kila moja ilitoka na wekundu wake, iliyofuata sponji iliyoshiba na iliyofuata sponji iliyokaribia kukauka. Binti alitaka kuzigusia zile hafifu. Nilimwomba aziache, naye aliziacha baada ya kutazama tena kanga ya Bibi na kuona kwamba hata kiwanda huteleza rangi mahali mahali.

Rangi ilipokauka tulizipiga kanga pasi kavu, ya moto, juu ya kitambaa chembamba, dakika chache kila mahali, maana ndicho kinachoifanya rangi ya namna hiyo isitoke majini. Fundi wa mtaa wa pili alizikunja kingo. Idi ilikuwa Jumapili ya tarehe 24 Mei. Mama alipozipokea hakusema lolote kwanza. Aliikunja moja katikati, akalinganisha pindo na pindo kama afanyavyo dukani anapotafuta kasoro ya kumpunguzia bei muuzaji, akaona korosho zimekutana, ndipo akasoma jina kwa sauti na kuwaita watoto. Alijifunga moja, nyingine akajitanda, na siku nzima kila aliyekuja kusalimia alionyeshwa ile Z na kuelezwa habari zake, ingawa nina shaka kama alikuwa ameielewa vizuri.

Bibi wa Pangani naye alitaka yake. Kijana, ambaye kwa wakati huo alijiona mwenye kiwanda, alimjibu kwa ujumbe wa sauti, kwa heshima zote, kwamba pindo na mji vipo tayari na kwamba anaweza kuchagua jina lolote analolipenda, mradi liandikike kwa A, E, H, I, M, O, U, W na Z, kwa kuwa yeye hana nia ya kuchonga S wala G. Tulidhani ameghairi, kwa jinsi alivyokaa kimya. Kisha ulikuja ujumbe wa maandishi, herufi kubwa tupu: MAMA HAWAMWEZI. Binti aliikagua herufi kwa herufi, hakuikuta hata moja iliyokosekana.

Tulimchapia doti hiyo kabla shule hazijafunguliwa mwishoni mwa Juni, naye akaivaa katika harusi ya kwanza aliyoalikwa. Nilipompigia simu kumuuliza hao wasiomweza ni akina nani, alisema wenyewe wameshasoma.