Mama alipokagua nyumba ya vipepeo

Januari ile nje maji yalikuwa yameganda barabarani, lakini mlangoni ilinibidi nivue koti, kofia na glavu. Ndani ya nyumba ile ya vioo huko Uingereza joto lilikuwa nyuzi 27 na shati lilianza kulowa nikiwa bado natafuta tikiti mfukoni. Vipepeo wanaishi humo mwaka mzima. Wenzangu wa chuo walienda kupiga picha; mimi nikampigia mama simu ya video.

Mama amefuga vipepeo kwetu Gede, pwani ya Kenya, tangu nikiwa shule ya msingi. Mradi wa Kipepeo ulianza 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ili majirani wa msitu wapate riziki bila kuangusha miti. Kinachouzwa ni pupa, yaani kiwavi aliyejifunga ndani ya ganda akingoja kuwa kipepeo. Inafungwa kwa pamba na kupandishwa ndege, na ikichelewa, kipepeo anatoka njiani na pesa imekwenda. Kwetu kila mtoto alikuwa na zamu yake: kukata majani, kufukuza siafu, kuzoa mavi ya viwavi. Viwavi wa mlimau siwapendi hadi leo. Wakiwa wadogo utadhani ni kinyesi cha ndege. Wakikua, ukiwagusa wanachomoza pembe mbili zenye harufu ya kukera.

"Hebu geuza simu nione," mama akasema.

Nikamzungusha. Wale wakubwa wa buluu kutoka Amerika, ambao kila mtu alikuwa akiwashangilia, aliwapita bila neno. Penye sahani ya ndizi zilizooza aliguna tu. Ndizo hizo hizo anazotegea msituni. Kisha akapita mweusi mwenye madoa ya manjano, yule wa viwavi wa mlimau.

"Huyo wetu!"

Nilimwambia wa aina hiyo wapo karibu Afrika nzima kusini mwa Sahara, huenda ametoka kwingine.

"Wetu. Mfuate."

Alikuwa akitua jani hili, analigonga kwa miguu, anahamia lingine. Ndivyo jike anavyoonja majani kabla ya kutaga.

"Mlimau wao uko wapi?"

Nilitafuta. Maua tele, migomba, mmea wa kulisha kiwavi hakuna hata mmoja. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akimwagilia. Akanieleza kwamba pale hawazalishi. Vipepeo wengi huishi wiki mbili tatu tu, na kila wiki huletwa pupa wapya. Nikamtafsiria mama.

Alicheka mpaka simu ikamponyoka, nikawa naona dari ya mabati.

"Kumbe! Miaka yote hii najiuliza, hawa wazungu vipepeo wanawapeleka wapi? Sikiza, mwanangu, habari ya mlimau usiwaambie."

Halafu akataka kujua kiingilio ni pesa ngapi. Nilipomtajia, akapiga hesabu kwa shilingi, akaniamuru nisitoke humo mpaka wafunge.