Samaki Asiyefumba Macho

Ndugu zangu katika Dhamma, yaani mafundisho ya Buddha, amani iwe kwenu nyote.

Saa tisa usiku, katika mahekalu mengi ya Korea, mtawa mmoja huwa keshaamka. Hutoka uani na moktak mkononi, gogo dogo la mviringo lililochongwa wazi ndani, na kijiti cha kuligongea. Haanzi kwa kishindo. Hugonga polepole mno, sauti ikipanda kidogo kidogo, naye akizunguka viwanja vya hekalu huku akiimba, ili kila chenye uhai kiamke bila kushtuka.

Nawaombeni tukae hapo wiki hii. Wengi wetu akili ikitoroka katikati ya kutafakari tunaifokea kama mtoto mtundu. Matokeo yake tunapata hasira juu ya usingizi, na utulivu hatuupati. Yule mtawa angeweza kuligonga kwa nguvu tangu mwanzo, na watu wangeamka vilevile. Lakini wangeamka na nini moyoni?

Moktak, muyu ya China na mokugyo ya Japani ni ukoo mmoja, na asili yao ni umbo la samaki, kwa kuwa samaki hafumbi macho usiku wala mchana. (Kulala analala, ila macho wazi!) Kule Uji, Japani, kwenye hekalu la Manpuku-ji lililoanzishwa mwaka 1661 na mtawa Ingen aliyetoka China, ananing'inia samaki mrefu wa mbao mwenye tufe mdomoni. Hugongwa ubavuni kuwaita watawa. Tufe lile husemwa kuwa ni tamaa, chuki na ujinga. Kila pigo linamtapisha.

Mimi hunigusa zaidi samaki wa Korea, mogeo. Hapigwi kwa ajili ya watu peke yao. Ngoma kubwa huwalilia wanyama wa nchi kavu, bamba la madini lenye umbo la wingu huwalilia ndege, kengele huwalilia walio motoni, na samaki wa mbao huwalilia viumbe wote wa majini. Metta yetu sisi, yaani kuwatakia viumbe wote mema katika kutafakari, mara nyingi huishia kwa jamaa na marafiki, tena wale tusiogombana nao.

Basi tukikutana tena, kwenye metta tusiharakishe. Tuanze na walio mbali kabisa na mioyo yetu, changu na dagaa wakiwemo.