Video ya Harusi ya Mdogo Wangu

Mama hakuweza kusafiri kwenda Muscat kwenye harusi ya mdogo wangu. Goti lilikuwa limemvimba. Basi flashi ilipofika Tanga, tulijazana sebuleni mbele ya kompyuta yangu ya mezani, Dell ya mtumba, yenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne na mfumo endeshi wa Ubuntu. Nikaifungua video kwa VLC, programu ya kuchezea video. Kasida na vigelegele vikasikika vizuri kabisa, lakini picha ikaganda. Bibi harusi kainua mkono wenye hina, na mkono ukabaki hapohapo hewani.

"Hebu irudishe nyuma, mwanangu," mama akasema. Nikairudisha. Ikaganda tena, safari hii na viraba vya kijivu usoni.

Fundi mmoja niliyempigia simu alisema mashine imechoka, ninunue nyingine. Sikukubali. Kompyuta ileile ilikuwa ikicheza sinema zetu zote bila kukwama, na programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote, nazipendea jambo hili: ukiziuliza, zinakujibu.

Nikafungua htop, inayoonyesha mzigo wa kompyuta. Prosesa ilikuwa imeelemewa, asilimia 100 kila upande. Nikaiuliza ffprobe video ni ya namna gani, ikajibu: hevc, yaani muundo uliotumika kuibana, na 3840x2160, yaani upana na urefu wa picha kwa vitone. Kisha vainfo, inayoorodhesha miundo ya video ambayo chipu ya picha inaweza kuifungua yenyewe. MPEG2 imo, H264 imo. HEVC haimo! HEVC, yaani H.265, ilipitishwa 2013, mwaka uleule prosesa za kizazi cha nne zilipoingia sokoni, nazo hazikuwekewa uwezo wa kuifungua kwenye chipu. Kwa hiyo prosesa ilibeba mzigo wote peke yake, kila picha ikiwa na vitone zaidi ya milioni 8. Hapo hakuna draiva, yaani programu ya kuendesha chipu, ya kusaidia. Dawa ni kuibadili video yenyewe iwe H.264 na kuipunguza ukubwa wa picha, kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i harusi.mov -vf scale=-2:1080 -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 20 -c:a copy harusi.mkv

Tuliiacha ikifanya kazi usiku kucha. Asubuhi mama hakungoja hata chai. Mkono wa hina ukainuka, ukashuka, ukamshika bwana harusi, na mama akapiga kigelegele chake mwenyewe.

"Huyo mwenye kilemba cha zambarau ndiye baba yake bwana harusi?"

"Ndiye, mama."

Akaniagiza nitoe nakala ya shangazi wa Pangani. Nikampa hiyohiyo ya H.264, maana kompyuta ya shangazi ni kuukuu kuliko yangu.