Kongosho langu lilivyoitwa kazini

Miaka miwili naambiwa vidonda vya tumbo. Miwili! Pilipili nimeacha, chai ya rangi nimeacha, vidonge vya asidi nameza kama karanga, na bado nikila pilau tu tumbo linanikata hadi mgongoni, halafu (samahani mnaokula) choo kinaelea, kina mafuta, unaflashi mara tatu kipo palepale kinakuangalia. Kilo 11 zikapotea. Mama kila akinipigia video kutoka Tanga anauliza huko Marekani hamna chakula?

Siti skani ikatoka safi kabisa. Kipimo cha choo, kile cha elastasi (kimeng'enya cha kusaga chakula kinachotoka kwenye kongosho), kikatoka 190 na kawaida inaanzia 200, yaani hapo huelewi umefaulu au umefeli. Ndo daktari mmoja hapa Ohio akaniambia picha inaonyesha umbo la kongosho, haionyeshi kama linafanya kazi, sasa tuliamrishe tuone. Tukapanga kipimo cha sekretini, na huku kwenyewe wanakifanya hospitali chache tu.

Sekretini ni homoni, kila mtu anayo. Asidi ikishuka kutoka tumboni, utumbo mwembamba unaimwaga kwenye damu, inafika kwenye kongosho na kongosho linatoa maji yenye baikaboneti ya kuizima ile asidi. Mwaka 1902 kule London wanasayansi wawili, Bayliss na Starling, walikata mishipa yote ya fahamu ya kipande cha utumbo wa mbwa, wakatia asidi, kongosho likamwaga maji vilevile! Kumbe ujumbe unapita kwenye damu. Neno homoni lenyewe lilikuja miaka mitatu baadaye.

Basi nikafunga toka usiku, nikaingia. Kabla ya sindano nikauliza, dawa hii ya nguruwe? Daktari akacheka, akasema ya zamani ndiyo, hii inatengenezwa maabara. Nikalala, wakapitisha kamera mdomoni, sindano mshipani, wakawa wanavuta maji ya utumboni dakika ya 15, 30, 45 na 60. Mimi sikusikia kitu, nilichoamka nacho ni koo kuwasha na njaa ya mtu wa Ramadhani.

Baikaboneti inatakiwa ifike angalau milimoli 80 kwa lita. Yangu ya juu kabisa ilikuwa 62, yaani kongosho langu kweli halifanyi kazi sawasawa. Nililia, ila nusu ilikuwa furaha jamani, maana nilishaanza kuamini nadeka.

Sasa natumia kapsuli za enzimi, yaani vimeng'enya vya kusaga chakula badala ya vile vya kongosho, unameza na tonge la kwanza, ukisahau ukameza mwishoni umechelewa. Na hizo ndo za nguruwe kweli, hapo hakuna kukwepa. Nikampigia ustadhi wetu wa nyumbani, akanisikiliza wee, akasema dharura ina hukumu yake, meza dawa binti. Mama yeye sijamwambia zinatoka wapi, anajua tu nimeongezeka kilo nne.