Lile la mistari

Wiki nzima kauli moja imenikaa kooni. Mdogo wangu amejifungua salama, mtoto wa kike, na kazini wametangaza kwamba idara yetu inaunganishwa na ile ya ghorofa ya chini, lakini nikizima taa ninayemsikia ni Shangazi tu.

Mnamjua. Alikuja Jumamosi, akapitiliza hadi chumbani nilikotandaza sakafuni mashati ya marehemu Baba ninayoyashona blanketi, akasimama mlangoni bila kushusha mkoba begani.

"Kwa hiyo umemkata kaka yangu vipande vipande."

Sikujibu. Nilikuwa na pini mdomoni.

Tangu hapo nimeshamjibu kila mahali: jikoni, kwenye foleni, katikati ya kikao. Shangazi, shati la marehemu halikatwi hivi hivi. Unaanza kwa kufumua, mshono kwa mshono, mikono kwanza, halafu kola. Mgongoni ndiko kwenye kitambaa kikubwa kisicho na vifungo. Pale kola inapokutana na shingo pamechakaa hadi panaonyesha mwanga, hapafai kitu, na bado sijapatupa. Zile fulana zake zinavutika, kwa hiyo unazipiga pasi kwanza na kitambaa cha kunata kwa nyuma. Mkasi ufuate uzi wa kitambaa, usikate mshazari, la sivyo vipande vitapinda na blanketi halitalala sawa. Mtu mwenye hasira hawezi kazi hii. Na mkono ukishashika sindano, akili inakosa nafasi ya kurudi wodini. Ndiyo maana nashona.

Usiku mmoja nilifika mbali zaidi. Nikamsimulia, kichwani, habari za Cleve Jones wa San Francisco, ambaye mwaka 1987 alimshonea rafiki yake aliyekufa kwa Ukimwi kipande cha kwanza cha blanketi la kumbukumbu, na Oktoba ya mwaka huohuo vikatandazwa Washington vipande 1,920, kila kimoja futi 3 kwa 6, karibu kipimo cha kaburi. Watu walishona kwa suruali, kwa mashati, kwa chochote alichoacha mtu wao. Hapo nikajiona nilivyo, nimelala chali gizani namhutubia Shangazi kuhusu Marekani, nikacheka peke yangu.

Jana nimeshika shati la kahawia. Mfukoni kuna doa la wino, kubwa kama sarafu, maana Baba na vifuniko vya kalamu hawakuwahi kupatana. Nikaamua mfuko ubaki ulivyo, na doa lake, uende katikati kabisa. Nilipokuwa naupiga bandi ndipo yakanirudia maneno mengine ya Jumamosi ile, ambayo sikuyapa uzito kwa sababu yale ya mwanzo yalikuwa bado yanawasha. Shangazi alikuwa ameshafika kwenye ngazi. Aligeuka.

"Na lile la mistari, nalo umelikata?"

"Nalo."

"Liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, kwa mbali, kama polisi wa barabarani. Akatikisa kichwa, akashuka. Nililichukua kuwa shtaka la pili. Sasa sina hakika. Anayeshtaki haulizi kipande kiko wapi. Huenda alitaka kulishika tu, na mimi nikabaki nimekaa na pini zangu.

Kwa hiyo la mistari nimeliweka kando. Limebaki bega zima na mkono mmoja, linatosha foronya. Sitampigia simu kumweleza. Nitampelekea, na akitaka kusema tena kwamba nimemkata kaka yake, aseme akiwa amelishika.

Mtoto bado hana jina, kila mtu ana lake. Kuhusu zile idara mbili, orodha ya watakaobaki inatoka Jumatatu. Leo mchana simu ya bosi iliita mara moja ikakatika. Nimempigia tangu saa kumi, hapokei.