Mradi wa Wingu Kubwa la Magellan: Tarantula imeanza kutoka

Mrejesho wadau. Kwa wapya, napiga picha sehemu zinakozaliwa nyota kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi jirani iliyoko kama miaka ya nuru 160,000 toka hapa, na nilichonacho ni kamera ya mtumba, lenzi ya 135mm na tripodi basi, kifaa cha kufuata nyota hamna.

Kwanza nimehama. Kigoma mjini upande wa ziwani hapafai, maana usiku wa giza ndo wavuvi wa dagaa wanaingia kazini na taa zao na mimi nalitaka giza hilohilo, mbalamwezi ikijaa wote tunalala. Sasa napigia Ujiji nikiangalia bonde la Luiche, mwanga wa mji unabaki mgongoni. Septemba hii hilo Wingu la Magellan linapanda alfajiri, na kupanda kwenyewe ni digrii 26 tu toka upeo wa macho, kwenye moshi wa mashamba yanayochomwa, ila bora moshi kuliko mvua za Januari.

Sasa utamu uko hapa. Nyota za karibu na ncha ya kusini ya anga zinatembea taratibu, yaani kundi la nyota la Orioni na lenzi hiihii ukiiacha kamera wazi zaidi ya sekunde 2 nyota zinavutika, huku kusini nafika 6 bila shida, mwanga karibu mara tatu bure kabisa!! Napiga picha mamia, programu ya Siril inazipanga moja juu ya nyingine, chengachenga zinapungua.

Tarantula, nebula (wingu la gesi linalozaa nyota) kubwa ya humo, imetoka na miguu yake. Mmeuliza mbona sio nyekundu: haidrojeni inang'aa nyekundu kweli, ila kamera ya kawaida ina kichujio ndani kinachokula wekundu huo, inabaki kijani-bluu ya oksijeni. Na oksijeni haiwaki hivyo bila nyota za moto mkali, pale katikati kuna kundi la R136, umri wake miaka milioni 1 hadi 2 tu, vichanga kabisa, na R136a1 peke yake inakadiriwa karibu mara 200 ya uzito wa Jua. Nebula hii ingekuwa karibu kama ya Orioni, usiku tungeona vivuli vyetu.

Kinachofuata ni kutoa hicho kichujio. Fundi simu mmoja pale Mwanga kaiangalia kamera akasema "lete tu kaka, skrubu ni skrubu". Nimemwambia asubiri kwanza niimalizie N11, nebula nyingine inayozaa nyota, iko upande wa pili wa galaksi na bado haijatulia kwenye picha.